Kitufe cha Niko Hai

Siku ya Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, Idara ya Uthibitisho wa Uhai iliutangazia umma kwamba tatizo la wastaafu kufariki kupitia tovuti lilikuwa limefikia tamati. Tangazo lilibandikwa kwenye milango yote ya jengo, ukiwamo wa stoo na wa choo cha wageni. Lilieleza kuwa Idara, chini ya uongozi makini wa Mkurugenzi Mkuu, imepata wasaidizi watatu wa akili mnemba, yaani programu za kompyuta zenye uwezo wa kusoma na kurekebisha programu nyingine. Wasaidizi hao hawalali, hawali, hawaombi ruhusa ya kwenda msibani, na kwa hiyo hakuna kitakachowashinda. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, wananchi waliokwisha kufariki waliombwa waendelee kuwa na subira.

Fundi alilisoma akiwa amesimama koridoni na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, na ndiye pekee katika Idara nzima aliyejua tovuti inavyofanya kazi, ndiyo maana hakuna aliyehangaika kumwita kwa jina. Nyumba yenye mlango mmoja hakuna anayeuliza mlango upi. Alilisoma tangazo mara mbili, akaona limesahau jambo moja tu, nalo ni kwamba tovuti bado ilikuwa inaua watu.

Kazi ya Idara ilikuwa nyepesi. Kila mstaafu, mara moja kwa mwaka, aliingia kwenye tovuti, akajaza taarifa zake, akabonyeza kitufe cha kijani kilichoandikwa NIKO HAI. Akibonyeza, kadi yake ya matibabu iliendelea kufanya kazi. Asipobonyeza, aliandikwa "hajulikani aliko" na kadi ikasimamishwa. Shida ilianza mwezi wa kwanza. Mstaafu alijaza, akabonyeza, na kioo cha kompyuta kikamjibu: "Ahsante. Idara inatoa pole kwa familia ya marehemu." Kadi ikafungwa papo hapo.

Hadi Jumatatu ile, wastaafu elfu mbili mia tatu na kumi na sita walikuwa wamefariki kwa njia hiyo, wengi wao wakiwa wamekaa kwenye viti, na waliobaki walikuwa wameacha kukigusa kitufe. Takwimu zilipopelekwa wizarani, Idara ilipongezwa kwa kuwa taasisi ya kwanza kupokea taarifa za vifo kutoka kwa marehemu wenyewe, tena siku ileile.

Miongoni mwao alikuwamo mama yake Fundi. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mji ule kwa miaka thelathini na mmoja. Sasa macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alimtambua mwanawe kwa hatua zake, na chumvi kwa kuionja. Alikuwa amepangiwa upasuaji, lakini daktari bingwa wa macho alikuwa mgeni anayekuja mara mbili kwa mwaka, na safari hii angeondoka mwisho wa mwezi. Karani wa hospitali aliitazama kadi, akamwambia kwa upole kwamba hospitali haipasui macho ya marehemu, ila kama atapenda, kuna jengo jingine kule nyuma linalowahudumia.

Kibaya zaidi kwa Fundi ni kwamba aliyebonyeza kitufe alikuwa yeye. Alidhani amekwisha kulitengeneza tatizo, akakishika kidole cha mama yake, akakiongoza hadi kwenye kitufe, wakabonyeza pamoja. Aliusoma ujumbe wa pole kimoyomoyo. Mama akauliza wameandika nini. Fundi akasema mtandao uko chini. Alimwambia ukweli siku mbili baadaye, baada ya hospitali kumtangulia kuusema.

"Mimi sikatai kufa," mama alisema. "Nakataa kufa bila kuona nani ananizika."

Kwa wiki kumi na moja Fundi aliusaka ugonjwa wa tovuti ile kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye blanketi jeusi. Alipitia kila ukurasa aliokuwa na ruhusa nao. Kila alipodhani amekipata, alimbonyezea kitufe mstaafu wa kubuni aliyeitwa Mstaafu wa Majaribio, naye akafariki. Alianza kushuku kwamba chanzo kiko kwenye jedwali kuu, lile linalohifadhi kumbukumbu zote, lakini jedwali hilo halikuwa chini yake. Aliandika barua nne kuomba afunguliwe. Zote zilijibiwa kuwa ombi lake limepokelewa na linafanyiwa kazi.

Wale wasaidizi watatu walifunguliwa jedwali asubuhi moja, kwa sababu kibali chao kilisema "wapewe kila kitu". Fundi hakulalamika. Wasaidizi hawana vidole, aliyekuwa akiwaandikia na kusoma majibu yao ni yeye, kwa hiyo mashine imepewa ufunguo na yeye amepewa mashine.

Iliundwa Kamati ya Kusimamia, Kuratibu na Kulea Akili Mnemba. Mwenyekiti wake alikuwa Naibu Mkurugenzi, mtu mwembamba, msafi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kwa-Mujibu, kwa vile hakuna mtu aliyewahi kumsikia akifungua mazungumzo kwa neno jingine. Kikao cha kwanza kiliamua kwamba, kwa mujibu wa kanuni za utumishi, hakuna anayegusa kazi ya Idara bila kuajiriwa, na hakuna kinachobadilishwa jedwalini bila sahihi ya mkuu wa Idara. Wasaidizi wakajaziwa fomu. Penye umri Fundi aliandika miezi minane. Penye ndugu wa karibu alijiandika mwenyewe. Cheti cha daktari kilileta mvutano wa siku nzima, hadi mjumbe mmoja alipokumbusha kwamba wasaidizi hawana mwili, na kamati ikaridhia wapimwe akili tu. Mwisho waliapishwa. Bwana Kwa-Mujibu alikisoma kiapo cha kutunza siri, Fundi akakiandika neno kwa neno kwenye kompyuta, na Msaidizi wa Kwanza akajibu: "Nimeelewa. Niko tayari kusaidia." Iliandikwa kwenye kumbukumbu kuwa ameapa akiwa timamu.

Kikao cha pili kilihusu lugha. Kamati iliona neno "hitilafu" linaichafua taswira ya Idara, ikaagiza lisitumike tena. Kuanzia siku hiyo tovuti haikuwa na hitilafu, ilikuwa na changamoto ya kitabia.

Kikao cha tatu ndipo kazi ilipoanza. Fundi aliandika swali ambalo amekuwa akijiuliza kwa wiki kumi na moja: kwa nini mtu akisema yu hai tovuti inamwandika amekufa? Wajumbe wakakaa sawa kwenye viti, wengine wakafungua maji. Hata vifuniko vya chupa havikuwa vimeisha kufunguliwa, jibu likawa limefika. Fundi akalisoma kwa sauti.

Msaidizi alisema amekiona chanzo. Jedwali lilikuwa na safu mbili. Moja iliitwa "tarehe ya mwisho kujithibitisha", ya pili "tarehe ya mwisho wa maisha". Mwaka jana ulitoka Waraka Namba Saba wa Ufupisho, ulioagiza kwamba jina la safu yoyote lisizidi neno moja, ili kuokoa nafasi. Aliyetekeleza agizo alizipa safu zote mbili jina MWISHO, kisha, kwa kuwa sasa zilifanana, akaziunganisha. Tangu hapo mstaafu akibonyeza kitufe, tarehe ya leo huandikwa kwenye MWISHO, na tovuti ikiisoma huelewa kwamba leo ndiyo mwisho wake. Suluhisho ni kuzitenganisha safu hizo. Rekodi ya kila aliyebonyeza ipo, kwa hiyo wote wanaweza kurudishwa. "Je, niendelee?" lilimalizia jibu.

Fundi alilisoma jibu tena. Neno moja. Wiki kumi na moja, macho ya mama yake, watu elfu mbili na ushei, na kumbe ni neno moja. Aliinua kichwa akitegemea kuona furaha. Aliona wajumbe saba wanatazama meza.

Waraka Namba Saba haukuwa karatasi ya hivi hivi. Uliandikwa na Mkurugenzi Mkuu kwa mkono wake, ulimpatia tuzo ya ubunifu, na ulitundikwa mapokezi ndani ya fremu yenye kioo, mahali ambapo taasisi nyingine huweka saa.

Bwana Kwa-Mujibu alikohoa. "Kwa mujibu wa uzoefu wangu," alisema, "huyo amekosea. Mwambie atafute chanzo ambacho hakina sahihi ya mtu."

"Bosi, ameonyesha mpaka mstari wenyewe."

"Mwambie kwa heshima."

Fundi akaandika. Msaidizi wa Kwanza akajibu papo hapo: "Uko sahihi kabisa, na ninaomba radhi kwa usumbufu." Kisha, kwa bidii ya mtu anayejua anachokwepa, akaufanyia marekebisho ukurasa mzima. Kitufe cha kijani kikawa cha kijani zaidi. Ujumbe wa pole ukazungushiwa maua. Bwana Kwa-Mujibu alisema katika miaka yake yote ya utumishi hajawahi kupata mtu wa chini yake mwenye adabu kama ile. Fundi akajaribu kitufe. Mstaafu wa Majaribio akafariki kwa mara ya arobaini na moja, ila safari hii kwa maua.

Ikabidi Msaidizi wa Pili aitwe kumkagua wa Kwanza. Naye akasema ni zile safu mbili. Akaitwa wa Tatu awe msuluhishi kati ya wawili ambao hawakuwa wamegombana. Naye akasema ni zile safu mbili, akaongeza kwamba kazi yenyewe ni ya sekunde arobaini. Bwana Kwa-Mujibu aliyalaza majibu yote matatu mezani, akayasoma mstari kwa mstari, uso ukazidi kumkunjamana. Mashahidi watatu, neno lilelile, hakuna hata mmoja aliyetofautiana na mwenzake. Kwa mujibu wa kanuni, hiyo ilikuwa njama. Wasaidizi wakaandikiwa barua za kujieleza kwa nini wasichukuliwe hatua za kinidhamu, na walipewa siku kumi na nne. Walijieleza kwa sekunde mbili, kila mmoja kurasa nne, zenye vichwa vya habari na samahani nyingi. Kamati ikaomba hizo siku kumi na nne izitumie yenyewe, kusoma.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita daktari wa macho aondoke.

Mama yake Fundi siku hizo alikuwa akishinda hapo hapo jengoni, ghorofa ya chini, kwenye benchi la Dirisha Namba Nne. Dirisha hilo lilifunguliwa kwa ajili ya waliofariki kimakosa. Hakuna aliyewahi kufufuliwa pale, kwa sababu fomu ya kufufuliwa ilihitaji kadi ya matibabu iliyo hai, lakini benchi lilikuwa na kivuli na mazungumzo mazuri. Kila mchana Fundi alishuka na chakula, wakala pamoja. Mchana mmoja alimweleza mama kila kitu, safu mbili, waraka, maua. Mama alitafuna polepole hadi mwisho.

"Sasa mkubwa mwenyewe ameambiwa?"

"Mkubwa haambiwi, mama. Anapelekewa taarifa tu."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama alisema, akapapasa kutafuta kikombe cha maji. "Na ninyi kifo mnacho tayari, elfu mbili na zaidi. Sijui mnangoja nini."

Fundi alipanda juu akaandika dokezo la ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi Mkuu, akaeleza chanzo bila kumlaumu mtu, akaomba ruhusa ya sekunde arobaini. Taratibu zilitaka dokezo lipitie kwa Naibu. Bwana Kwa-Mujibu alilisoma, akalisifia mpangilio wake, akaliweka kwenye jalada lililoandikwa "Subiri Wakati Muafaka", ambalo lilikuwa nene kuliko mengine yote kabatini.

Badala yake, taarifa iliyopanda juu ilisema changamoto ya kitabia imepungua kwa asilimia sitini. Asilimia hizo zilitokana na maua. Mkurugenzi Mkuu, mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuzoea vipaza sauti, alizifurahia sana. Hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka tisa hakuna aliyemwambia jambo baya, na mtu wa namna hiyo huishia kuamini kwamba mabaya hayapo. Aliagiza yaandaliwe maonyesho siku ya Alhamisi. Wizara ije, waandishi wa habari waje, na kitufe atakibonyeza yeye mwenyewe mbele ya kadamnasi.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Kompyuta ya Fundi iliunganishwa na ukuta mweupe ili kila mtu aone. Mkurugenzi Mkuu alipanda jukwaani kwa makofi, akaketi mbele ya kompyuta, akapangusa miwani. Fundi alisimama kando yake. Aliona hapa ndipo mahali pekee ambapo kati yake na mkubwa hapana jalada. Aliinama.

"Mzee, nakuomba usibonyeze. Haijatengemaa. Ukibonyeza itakuandika umefariki."

Mkurugenzi Mkuu alimtazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anayetazama mtoto anayeogopa jogoo. "Binti yangu, tovuti hii niliizindua mimi. Itanifahamu."

Akaanza kujaza. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya utumishi. Alipofika penye hali ya ajira akakuta pana chaguo moja tu, Mstaafu. Fundi akamwambia tovuti ni ya wastaafu peke yao, haina nafasi ya mtu aliye kazini. Akasema aweke hivyohivyo, ni maonyesho tu. Akaweka. Akainua kidole juu ili wapiga picha wapate nafasi, akakishusha.

Maua yalijaa ukutani, mekundu na meupe. Katikati yake, kwa herufi kubwa kuliko mtu, ukumbi ukasoma: "Ahsante. Idara inatoa pole kwa familia ya marehemu."

Hakuna aliyejua la kufanya isipokuwa Bwana Kwa-Mujibu, ambaye hakuwahi kukosa utaratibu. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa mujibu wa miongozo ya misiba ya viongozi, angeomba wote wasimame kwa dakika moja ya ukimya. Ukumbi mzima ukasimama. Mkurugenzi Mkuu naye akasimama, kwa mazoea, akainamisha kichwa. Alikuwa kwenye sekunde ya ishirini hivi alipokumbuka kwamba anayeombolezwa ni yeye, lakini kwa vile dakika ilikwisha kuanza, aliona si adabu kuikatiza.

Tovuti ya Idara ilikuwa imeunganishwa na mifumo mingine yote, na mifumo hiyo ilitii haraka kuliko binadamu. Kabla dakika haijaisha, kadi yake ya mlangoni ilikuwa imekufa, barua pepe yake imefungwa, dereva wake amepangiwa mtu mwingine, na barua ya kumteua Kaimu Mkurugenzi imejiandika, imejitia namba, imejituma kwa Bwana Kwa-Mujibu. Mkewe pia alipata ujumbe wa rambirambi. Alipiga simu kuuliza, marehemu akaipokea mwenyewe, akamwambia asiwe na wasiwasi. Mke akamwuliza kama basi atakuja kula mchana.

Mkurugenzi Mkuu alimgeukia Fundi, akamwagiza alirekebishe jambo hilo sasa hivi. Fundi alikuwa na suluhisho tayari, limebaki kubonyezwa tu. Bwana Kwa-Mujibu akaingia kati, taratibu, kwa masikitiko.

"Kwa mujibu wa sheria, Mzee, maagizo ya marehemu hayapokelewi. Kuna Dirisha Namba Nne."

"Mimi hapa naongea na wewe."

"Nakusikia, Mzee. Ila sijakupokea."

Alisindikizwa hadi ghorofa ya chini na mlinzi aliyemfungulia mlango kwa kadi yake ya ulinzi. Pale benchini walikuwa wamekaa marehemu kumi na wanne. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho yenye ukungu, mfuko wa chakula mapajani, kwani siku hiyo mwanawe asingeweza kumletea. Siku hiyo alikuwa amechelewa. Alisikia viatu vya ngozi vikisimama mbele yake, akasogea kumpisha nafasi.

"Karibu ukae, mwanangu. Umekufa lini?"

"Leo," Mkurugenzi Mkuu alisema. "Saa nne."

"Basi wewe bado mgeni. Mimi tangu mwezi wa tatu."

Alikaa. Benchi lilikuwa la mbao na upande mmoja lilikuwa likicheza. Alikuwa ameliidhinisha mwenyewe, kwenye karatasi, na hakuwahi kujua kuwa linacheza. Akauliza wamekwisha kuelezwa tatizo ni nini. Mkunga akamweleza, kwa ufupi na kwa usahihi ambao hakuna taarifa ya Idara iliyowahi kuufikia. Kuna safu mbili zilizopewa jina moja. Kuna bwana mmoja huko juu aliyependa maneno mafupi. Kila mtu katika jengo anajua, mpaka mfagizi, isipokuwa yeye mwenyewe, kwa sababu wanamwogopa.

Mkurugenzi Mkuu alimgeukia.

"Na kama angeambiwa?"

"Angekasirika," mkunga alisema. "Watu wangefokewa, jioni yangekwisha. Mimi nimewatoa watoto wa wakubwa na wa wadogo. Wote wanalia wakiguswa, halafu wananyamaza. Njaa yako vipi, nikupe kipande?"

Akakipokea, akala.

Ghorofa ya tatu mambo yalikuwa yamechangamka. Kaimu Mkurugenzi, ambaye asubuhi alikuwa Naibu, aliitisha kikao cha dharura. Wajumbe waliokuwa wakitazama meza kwa wiki nzima sasa walinyoosha mikono kwa kugombania. Mmoja alisema alikuwa na mashaka na Waraka Namba Saba tangu wino haujakauka. Mwingine alisema neno MWISHO lilimtia hofu siku ya kwanza kuliona. Dokezo la Fundi lilitolewa kwenye jalada nene, likasomwa kwa sauti, likapigiwa makofi. Ilionekana wazi kwamba wakati muafaka ni ule ambao mhusika hawezi tena kununa. Kamati iliazimia kwa kauli moja kwamba changamoto ya kitabia ilikuwa hitilafu, kwamba hitilafu ilisababishwa na Waraka wa marehemu, na kwamba wasaidizi watatu wasafishwe tuhuma zote na kuandikiwa barua za pongezi. Kaimu akatia sahihi. Aliitazama sahihi yake kwa muda, chini ya neno Kaimu, kama mtu anayejaribu viatu na kuona vinamkaa.

Fundi alikimbia ngazi hadi chumbani kwake, akaketi, akaandika neno moja: endelea. Alihesabu kimoyomoyo. Alipofika thelathini na nane safu mbili zilikuwa zimetengana, kila moja na jina lake refu, na marehemu elfu mbili mia tatu na kumi na saba walianza kufufuka mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wa alfabeti. Hakumwamini mtu. Alikwenda kwa Mstaafu wa Majaribio, akabonyeza. Kioo kikasema: "Ahsante. Tunafurahi kuwa upo." Akalia kidogo, akajipangusa kwa mkono wa blauzi, akashuka chini.

Mama yake alipasuliwa jicho la kulia Jumatatu iliyofuata, la kushoto Alhamisi, siku mbili kabla ya daktari kuondoka. Bandeji ya kwanza ilipofunguliwa alimtazama mwanawe kwa makini, akasema amekonda, na kwamba nywele zile hazimpendezi. Fundi alisema hajawahi kusikia maneno matamu kama hayo.

Mkurugenzi Mkuu naye alikuwa amefufuka, Alhamisi ileile ya maonyesho, saa nane na dakika kumi mchana. Alipewa cheti chake pale pale dirishani, kina mhuri na namba. Kilithibitisha kwamba yu hai, kwamba kadi yake ya matibabu inafanya kazi, na kwamba amestaafu.

Alipanda ghorofa ya tatu. Mlango wa ofisi yake haukufunguka. Katibu muhtasi, aliyemhudumia miaka tisa, alimwambia kwa upole kwamba Kaimu yuko kikaoni, na kwamba suala lake limepokelewa na linafanyiwa kazi. Kaimu mwenyewe alitoa kichwa mlangoni, akampongeza kwa kuwa hai, akamfahamisha kuwa kwa mujibu wa kumbukumbu alijaza fomu kwa hiari yake, mbele ya wizara na waandishi wa habari, tena kwa kidole chake. Kamati itaundwa kuliangalia. Asiwe na haraka, sasa ana muda.

Alibisha kwenye chumba cha Fundi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukiona: dirisha moja, feni moja, meza iliyojaa nyaya. Alisimama mlangoni cheti mkononi, akauliza kama hiyo siyo hitilafu nyingine, na kama wale wasaidizi wake hawawezi kuiangalia kidogo.

Fundi alimvutia kiti. Alimwonea huruma, nayo ilikuwa huruma ya kweli. Aliandika swali kama lilivyo, bila kupunguza neno. Jibu lilikuja, naye akamsomea polepole. Msaidizi alisema amepitia kumbukumbu zote na hakuna kasoro. Mhusika yu hai. Tarehe yake ya kuzaliwa inaonyesha alipaswa kustaafu miaka mitatu iliyopita, hivyo taarifa mpya ni sahihi kuliko ya zamani. "Je, ungependa nimwandikie hotuba ya kuaga?"

Mzee alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Huko nje, kwenye korido, sauti ya Kaimu ilisikika ikitoa maelekezo, na nyayo za watu zikiharakisha.

"Mwambie aandike," alisema. Kisha akasogeza kiti karibu, akashusha sauti. "Ila aangalie maneno. Asiweke chochote kitakachomkera Kaimu."